Kurudia gemu ya saa 100

Unauliza kama ni wazimu kutamani kurudia gemu ya saa 100 wakati hata muda wa kulala hautoshi. Basi tuko wengi. Mimi The Witcher 3, ile ya 2015, nimeianza upya mara tatu na kuimaliza mara moja tu. Kinachochosha ni saa za mwanzo: wewe unajua kila kitu, ila mhusika wako bado dhaifu, hana silaha ya maana.

Kwa hiyo usianzie sifuri. Ukishaimaliza The Witcher 3, inakuruhusu kuanza upya ukiwa na kiwango chako na silaha zako nyingi. Gemu nyingine, Persona 5, nayo ina namna yake ya kufanya hivyo. Halafu achana na vikazi vya pembeni, hasa zile alama za kuuliza kwenye ramani ya The Witcher 3, zilizotapakaa bahari ya visiwa vya Skellige (nani alizimaliza zote, jamani?). Fuata hadithi kuu, chagua majibu uliyoyakwepa mara ya kwanza.

Au fungua tu seivu ya zamani, yaani pale ulipohifadhi mchezo wako. Juzi nilizurura Novigrad, mji wa humo kwenye The Witcher 3, dakika 40 hivi, hamu ikakatika.