Kichaa anasingiziwa

Mama mmoja wa Kadutu, hapa Bukavu, ameniuliza: “Redio moja ya mjini ilieleza habari za wale wanaoitwa kwa Kifaransa tueur en série, yaani wanaoua mtu mmoja baada ya mwingine kwa nyakati tofauti. Mtangazaji akasema mara ‘muuaji wa halaiki’, mara ‘muuaji wa mfululizo’, mara ‘muuaji kichaa’. Lipi sahihi?”

Halaiki tuliondoe haraka. Ni umati, na mauaji ya halaiki ni watu wengi kuuawa kwa pamoja. Sisi wa Kivu hatuhitaji kufundishwa maana yake. Anayeua mmoja leo na mwingine baada ya miezi hayumo humo.

Mfululizo nalo lina kasoro. Mvua ikifululiza siku tatu haikatiki, ilhali muuaji huyu hutambulikana kwa kukatiza: anaua, anarudi nyumbani, anakula, anakwenda kazini, kisha anaua tena. Wataalamu waliokutanishwa na FBI, shirika la upelelezi la Marekani, mwaka 2005 walimweleza kuwa ni mtu aliyeua watu wawili au zaidi katika matukio tofauti. Hata hivyo neno limeshaenea, nami sina lililo bora. Nalikubali.

“Muuaji kichaa” silikubali, wala sitalikubali.

Sikiliza Kiswahili chenyewe. Mtu hushikwa na kichaa. Hupandwa na wazimu. Hurukwa na akili. Mara zote tatu kitenzi kiko katika kauli ya kutendwa: maradhi ndiyo yanayotenda, mtu anatendwa tu. Sasa litazame neno muuaji: ile -ji ya mwisho ni ya mtendaji, kama katika mwindaji na mfumaji. Ukiyafunga maneno haya mawili pamoja, umempa muuaji udhuru, na umembebesha mgonjwa damu asiyoimwaga.

Mfano wangu ni daktari, na sitauachia upesi. Harold Shipman alikuwa daktari wa familia mjini Hyde, Uingereza. Wagonjwa walimwamini. Aliwafuata wazee majumbani mwao, akawadunga dawa kali ya maumivu hadi wakafa, kisha akabadilisha mafaili yao ili ionekane walikuwa mahututi tangu zamani. Mwaka 2000 alihukumiwa kifungo cha maisha kwa kuua watu 15. Uchunguzi uliofuata ulihesabu 215, kuanzia 1975 hadi 1998. Kilichomfichua ni wosia. Aliughushi kwa taipureta yake ili arithi mali ya bibi wa miaka 81, na binti wa marehemu, ambaye ni mwanasheria, akaukataa. Jamani! Aliyerukwa na akili hubadilisha tarehe katika faili? Huketi mbele ya taipureta akijigawia urithi?

Na nini kilimfanya awe vile? Mama yake alikufa kwa saratani ya mapafu, kijana akiwa na miaka 17, na daktari alikuwa akija nyumbani kumchoma mofini, dawa kali ya maumivu. Wengi wameishikilia habari hiyo. Lakini ni watoto wangapi wa mji huu wamemuuguza mama hadi pumzi ya mwisho, na hawakumdhuru mtu? Wataalamu wale wa 2005 hawakupata chanzo kimoja. Waliona maumbile, malezi na mateso ya utotoni yakisukana, na juu ya yote uamuzi wa mtu mwenyewe. Wengine kati ya wauaji hawa wana kile ambacho wanasaikolojia hukiita saikopathi: uchungu wa mwenzao hauwagusi, ingawa sheria wanaijua barabara. Waliougua akili kweli wapo, nao ni wachache. Ukishasema “iko fou”, yaani ni kichaa, hakuna tena anayeuliza lolote kati ya haya.

Jirani yangu alitibiwa SOSAME, hospitali ya wagonjwa wa akili hapa Bukavu. Alipata nafuu, na leo anashona viatu sokoni. Siku ile redio ilikuwa inasema hatua mbili kutoka kwenye meza yake. Aliinamia kiatu, hakuinua uso mpaka habari zikaisha.

Kwa hiyo, mama, sema muuaji wa mfululizo. Wakiwa wengi, wauaji wa mfululizo. Na mtangazaji akitaka neno kali zaidi, lipo: katili. Kwa Waarabu tulikolitoa ni muuaji tu. Sisi ndio tuliolitia moyo usiohurumia.