Usipasue yai siku ya 30: kwa anayeanza kutotolesha bata Mbeya

Mashine yangu ya kwanza niliinunua kwa mtu aliyekuwa akitotolesha kuku hapa Uyole. Aliniandikia kwenye karatasi: kuku siku 21, bata siku 28. Nikaweka mayai 36 niliyokusanya kwa majirani, nikawa nakata tarehe kwenye kalenda ya ukutani. Ya 28 ikafika, kimya. Ya 29, kimya. Ya 30 asubuhi nikasema haya yameoza, nikachukua moja nikaenda kulipasua nyuma ya nyumba. Ndani kulikuwa na kifaranga mzima, manyoya yametimia, kiini cha njano bado kinaning'inia nje ya tumbo, na mguu mmoja unasogea. Alifia kiganjani mwangu. Ni miaka kadhaa sasa, na bado sipendi kulisimulia.

Karatasi ile haikuwa na kosa, ila ilikuwa inazungumzia bata mwingine. Bata wengi tunaowafuga vijijini kwetu, wale wenye vinundu vyekundu usoni, wasiopiga kelele, ambao jike hupenda kuruka hadi juu ya paa, ni aina ya Muscovy. Mayai yao huchukua siku 35, yanaweza kutangulia au kuchelewa siku moja au mbili. Siku 28 ni za bata wale weupe wenye mdomo wa njano, Pekin, na wale wa kahawia wa mayai, Khaki Campbell. Kabla hujawasha kitu chochote, nenda kamwangalie mama aliyetaga. Ukinunua mayai mnadani bila kumwona mama, utahesabu siku za watu wengine kama nilivyofanya mimi. Na usichanganye aina hizo mbili ndani ya mashine moja, kwa sababu wakati hawa wanahitaji kuachwa watulie, wale bado wanahitaji kugeuzwa.

Kuhusu mayai yenyewe sina mengi. Dume mmoja kwa majike wanne au watano. Bata hutaga usiku au alfajiri, basi okota mapema kabla hawajayakanyaga na tope. Lenye uchafu kidogo lifute kwa kitambaa kikavu. Lililojaa kinyesi lipeleke jikoni, usilioshe kwa maji baridi, maana maji baridi hulifanya yai livute uchafu ndani kupitia vitundu vya ganda. Hifadhi ncha nyembamba ikiwa chini, yasizidi siku 7. Hapo Mbeya inatupendelea: chumba kisicho na jua hukaa kwenye nyuzi 15 hadi 18 bila friji, na ndilo joto linalotakiwa. Kama mayai yamepanda basi kutoka Kyela au Usangu, yapumzishe siku nzima kabla ya kuyaweka, ile mitikisiko ya barabarani huvuruga nafasi ya hewa iliyo upande butu.

Sasa joto. Mashine yenye feni iweke nyuzi 37.5. Zile za mbao za mafundi wetu, zenye balbu bila feni, hewa ya juu huwa moto kuliko ya chini, kwa hiyo kipimajoto kikae usawa wa mgongo wa yai na kisome 38.3 hadi 38.9. Lakini je, kipimajoto chako kinasema kweli? Utaambiwa ukijaribu kwenye maji yanayochemka, kisome 100. Hapa kwetu, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye takriban nyuzi 94. Mtu akikirekebisha kipimajoto chake kisome 100 kwa maji ya kuchemka ya Mbeya, kitasoma juu kuliko joto halisi, na mayai yatabaki baridi. Mimi hutumia kile cha zahanati cha kupimia homa: naweka vyote viwili kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, nalinganisha. Tofauti ikiwa nusu nyuzi, naiandika kwa kalamu juu ya mashine nisisahau.

Chumba kina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Juni na Julai, ukiweka mashine sebuleni karibu na mlango, usiku inahangaika kupasha na haifiki. Iweke chumba cha ndani, ukutani kusipopita upepo, juu ya meza na siyo sakafuni kwenye saruji. Funika pembeni kwa blanketi kuukuu, ila matundu ya hewa yaache wazi. Nasisitiza hili kwa sababu ndiyo hasara ninayoiona kila msimu wa baridi kwa wageni wa kazi hii: wanaziba matundu ili joto lisitoke. Hewa ya huku juu tayari ni nyepesi, na kifaranga wa wiki ya mwisho anapumua sana. Ukiziba, anakufa akiwa amekamilika, na utabaki ukilaumu mbegu. Wala usiwashe jiko la mkaa chumbani humo kuongeza joto. Hewa ya mkaa huua kifaranga ndani ya yai, na huua mtu aliyelala.

Unyevu ndipo bata anapoachana na kuku, na aliyenifundisha hapa si mwenye mashine, ni mama mkwe wangu, mwenyeji wa Rungwe, ambaye hajawahi kutumia mashine maishani. Alikuja kunisalimia msimu wa pili, akatazama kupitia kioo, akauliza, "Mwanangu, huyu mama yao huwa anaenda kuoga saa ngapi?" Sikuelewa. Akanieleza kwamba bata anayelalia hutoka mara moja kwa siku, anakula, anaingia majini, anarudi na kifua kilicholowa na kuyakalia mayai hivyo hivyo. Mayai yanapoa kidogo, yanalowa kidogo, kisha yanapata joto tena.

Tangu hapo nafanya hivyo. Kuanzia siku ya 10 nafungua mashine mara moja kwa siku, nayaacha mayai yapoe, nayanyunyizia maji ya vuguvugu yaliyochemshwa kwa ile chupa ya kunyunyizia nguo za kupiga pasi, nafunga. Vitabu husema dakika 10 hadi 15. Julai ya Uyole dakika hizo ni nyingi mno. Mama aliniachia kipimo chake: chukua yai, liguse kwenye kope la jicho lililofumbwa. Likikuchoma, bado; likiwa halina moto wala baridi, limetosha, funga. Kwa Julai mimi hufika hapo baada ya dakika tano au sita.

Kwa maji ya kwenye trei, lenga unyevu wa asilimia 55 hadi 60 mpaka siku tatu nne za mwisho. Kipima unyevu kijaribu hivi: weka chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha soda, iloweshe kwa matone machache iwe kama uji mzito, funga pamoja na kipimo ndani ya mfuko usiopitisha hewa kwa saa nane au zaidi. Kinatakiwa kisome 75. Lakini naiamini zaidi mizani ya jikoni. Pima mayai kumi siku ya kwanza. Yakiwa gramu 750, siku ya kuacha kugeuza yawe yamepungua hadi karibu 650. Yakipungua kwa kasi, ongeza maji. Yakigoma kupungua, toa trei moja. Kiangazi chetu, Juni hadi Oktoba, ni kikavu na ganda hupoteza maji upesi zaidi huku mwinuko, hivyo trei zote mbili zijae. Masika, ukungu ukishuka toka milimani, trei moja inatosha, na kuna wiki nilizoiacha tupu.

Kugeuza ni mara tano kwa siku kama unageuza kwa mkono, zisipungue tatu. Andika X upande mmoja na O upande wa pili kwa penseli. Trei nyingi za kujigeuza zimechongwa kwa yai la kuku, la bata halikai vizuri, lipime kabla ya kulipia mashine.

Siku ya 7 au 8, usiku, zima taa, shika tochi ya simu chini ya yai. Linaloishi lina mishipa kama buibui mwekundu anayetikisika. Lililo jeupe lote halikuwa na mbegu. Lenye duara la damu kama pete limekufa, litoe siku hiyo hiyo. Rudia siku ya 14, kisha kila wiki, na unuse. Yai lililooza hupasuka na kuyachafua yote yaliyo jirani.

Umeme ukikatika usikimbilie kufanya makubwa. Funga mashine, funika blanketi, weka chupa za maji ya moto pembeni, zisiguse mayai. Saa mbili tatu za kupoa wanazistahimili, hasa wakiwa wakubwa, maana wanazalisha joto lao. Joto la kupita kiasi ndilo haliwaachi: nyuzi 40 kwa saa chache ni msiba.

Kwa Pekin acha kugeuza siku ya 25, kwa Muscovy siku ya 32 hivi. Acha pia kunyunyizia, pandisha unyevu hadi 70 au kidogo zaidi, fungua matundu yote, usifungue mlango. Kisha utaona ufa mdogo kama nyota juu ya ganda, na utasikia sauti ndani. Kuku angemaliza kesho yake. Bata anatoboa, halafu analala, anaweza kukaa hivyo siku nzima na zaidi, hadi saa 48. Anamalizia kuvuta kiini tumboni na damu iliyo kwenye utando. Ukimsaidia kubandua, ile damu inamwagika. Mimi siku hizo huifunika mashine kitambaa upande wa kioo na kwenda kulima bustani.

Wakitoka, waache wakauke humo humo, kisha wahamishie kwenye bruda, yaani sehemu yenye joto ya kulelea vifaranga, yenye nyuzi 32 au 33, ukishusha tatu kila wiki. Maji ya kunywa yawe na kina cha kufunika mdomo na pua tu. Wasipewe beseni la kuogelea: vifaranga wa mashine hawakupata mafuta kutoka manyoya ya mama, wanalowa hadi ngozini, na baridi ya jioni ya hapa haiwasubiri wakauke.