Mdogo wangu, madaftari ya wanafunzi hayatoki getini

Umeuliza mengi: unaanza kazi Januari sekondari moja huko Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, unakaa Kimara, upande mwingine wa jiji, unataka kujua uamke saa ngapi, zamu ikoje, andalio la somo uliandike lini, na twisheni. Ningeyajibu yote, ila umemalizia kwamba umeshanunua begi kubwa la kubebea madaftari ukasahihishie nyumbani. Usithubutu!

Mwaka wangu wa pili kazini nilikuwa na mikondo miwili ya kidato cha nne, somo la Historia, wanafunzi 87 na 91. Usitegemee darasa la watu 40. Tangu elimu bila ada ianze 2016 watoto ni wengi mno. Ukimpa kila mmoja dakika moja tu, hao 178 ni karibu saa tatu, na hapo bado una vipindi vyako vya dakika 40. Mwalimu mmoja mkongwe akaniambia, "Mwanangu, beba ukasahihishe nyumbani kwa utulivu, sote tulifanya hivyo." Mpaka leo nina kinyongo naye. Yeye alikuwa anaishi nyumba ya tatu kutoka getini! Mimi napanda magari mawili.

Ijumaa moja ya Oktoba nikajaza kaunta buku 43 kwenye salfeti. Buguruni mvua inanyesha, watu wanagombania gari. Konda akanipokea salfeti akaitupia mbele karibu na dereva, mimi nikasukumwa hadi siti ya nyuma. Kituo cha Banana wakashuka wengi. Nafika kituo changu, salfeti haipo.

Jumamosi na Jumapili nilishinda vituoni, Buguruni na Gongo la Mboto, naulizia kila konda, naahidi zawadi. Wapi! Sijui aliyeibeba alidhani kapata mchele.

Jumatatu nikasimama mbele ya darasa. Kuna binti alikuwa amejalidi kaunta yake kwa gazeti na nailoni, ndani kachora kwa mkono ramani ya Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, mishale ikitoka Umatumbi kushuka Ungoni, kwa penseli za rangi za kuazima. Hakulia. Aliniuliza tu, "Mwalimu, sasa nisomee nini?" Mtihani wa taifa ulikuwa Novemba, na kwenye zile kaunta kulikuwa na notisi zao tangu kidato cha tatu. Nilinunua kaunta mpya 43 kwa mshahara wangu, nikatoa fotokopi za notisi za wenzao, nikaandika barua ya kujieleza kwa mkuu wa shule. Ile ramani sikuweza kuirudisha.

Kwa hiyo sahihisha shuleni, basi. Mimi sasa natoa zoezi la maswali matano, dakika 15 za mwisho napita na kalamu nyekundu safu moja; kesho safu nyingine. Wengine wanabadilishana madaftari tunasahihisha pamoja ubaoni, nami napitia machache kuona kama hawapendeleani. Insha nakusanya za watu 20 tu, nasahihisha ofisini kwenye vipindi vyangu vya wazi, zisipoisha nazifungia kabatini. Kama mtaaluma, yaani mwalimu anayesimamia taaluma shuleni, anataka kuona wino mwekundu kwenye kila daftari wiki hii hii, mweleze idadi ya wanafunzi wako kwa upole, usibebe salfeti ili kumfurahisha.

Kuamka: Kimara hadi Chanika, saa 10 alfajiri uwe macho, na wiki ya zamu mapema zaidi maana unatakiwa uwakute wanafunzi wanafagia. Ukiweza, hamia huko huko, hata chumba kimoja.

Hilo begi mrudishie muuzaji. Akikataa, bebea chakula cha mchana na mwavuli.