Siri ni ya mgonjwa, si ya shirika

SWALI: Shikamoo shangazi. Nina miaka 24, nimemaliza chuo na niko nyumbani Muheza. Najitolea na shirika linalotembelea watu wanaoishi na VVU majumbani. Tunawakumbusha siku za kliniki na kuhesabu nao vidonge. Juzi tumeletewa fomu ya kutunza siri, kurasa tatu, zote Kiingereza. Aliyeileta alisema asiyesaini arudishe fulana ya shirika. Kuna kifungu kinanizuia kusema "jambo lolote linalohusu shirika" kwa mtu yeyote, maisha yangu yote. Mimi silipwi, napewa nauli tu. Je, karatasi hiyo inanifunga? Na nikikuta mtoto anateswa katika nyumba ninayotembelea, nako ninyamaze?
Mhudumu, Muheza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nilisimamia wahudumu wa majumbani kwa miaka tisa, na kuna jambo moja halijanitoka. Mhudumu wetu alikutana na mama mmoja sokoni, akamsalimia mbele ya wauza nyanya: "Mama, vidonge vinaendelea vizuri?" Hakuwa na nia mbaya, alimjali kweli. Lakini mama yule hakurudi tena kliniki ya kwao. Akawa anafuata dawa mji wa pili kwa nauli ya kukopa, mpaka nauli ikakosekana, na dawa akaacha. Tulihangaika miezi kumrudisha.

Kwa hiyo fomu ya siri naitaka, na nawe uitake. Habari ya mshahara iweke kando. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inasema majibu ya kipimo ni siri, na inawabana hata wanaoshika kumbukumbu za matibabu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaziweka habari za afya ya mtu kwenye taarifa nyeti. Hata usiposaini chochote, ukishashika daftari lenye majina ya watu umeshaibeba siri yao. Na hapo "maisha yangu yote" ni sawa kabisa. Mgonjwa hajakuazima siri yake kwa muda wa mradi.

Kinachonikera ni kile kifungu cha "jambo lolote linalohusu shirika". Hapo siri imehama kutoka kwa mgonjwa, imekwenda kuilinda ofisi. Waombe fomu ya Kiswahili, na waombe waandike wazi kinachofichwa: majina, hali ya afya, mahali mtu anapoishi, picha, na maneno uliyoyasikia ndani ya nyumba. Kisha waongeze mstari mmoja: isipokuwa pale sheria inaponitaka nitoe taarifa.

Mstari huo ndio jibu la swali lako la mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa au kijiji anapojua haki za mtoto zinavunjwa. Fomu ya shirika haiwezi kuufuta wajibu huo. Makubaliano yenye lengo la kukiuka sheria hayana nguvu. Mwone mtendaji au afisa ustawi wa jamii, au piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure. Ila angalia hapa, maana wengi huteleza: sema mtoto anapigwa, sema nyumba ipi. Hali ya mama yake usiiguse, haimhusu mtendaji.

Sasa kuhusu fulana. Wewe unaogopa kunyang'anywa; mimi ningekuomba uivue kabla ya kuingia mtaani. Jirani akiona nembo ile mlangoni kwa mtu kila Jumanne, hahitaji kuambiwa kitu. Daftarini tumia namba, karatasi ya majina ibaki ofisini kwenye kabati lenye kufuli. Kadi za kliniki usizipige picha kwa simu yako, wala usikubali zitumwe kwenye kundi la WhatsApp la wahudumu. Na kila mgonjwa muulize siku ya kwanza: tukikutana njiani nikusalimie, au nipite kama sikujui? Mama yako nyumbani akikuuliza ulikuwa kwa nani, mwambie ulikuwa kazini. Akiuliza tena, jibu ni lile lile.

Fomu ikirudi na kifungu kile bado kimo, kikate kwa kalamu mbele yao, weka saini pembeni yake, na ubaki na nakala. Wakikataa, rudisha fulana yao. Daftari nalo lirudishe siku hiyohiyo kwa mkono wako, wakuandikie kwamba wamelipokea.