Mnyororo ufungwe chini: kusafisha shamba na kuvuta magogo kwa trekta

Mvua zikikatika huku Mufindi, simu zinaanza. Mtu ameachiwa na baba yake ekari tatu zilizojaa miwati na mikaratusi ya zamani, anataka kupanda parachichi msimu ujao, na swali lake ni moja: "Kaka, trekta lako litang'oa?" Kabla sijakubali namuuliza mambo matatu: miti ni ya aina gani, shamba lina mteremko kiasi gani, na gogo nene kuliko yote lina unene gani. Majibu yake ndiyo yanayoamua kama liende trekta au waende vijana wenye shoka na majembe.

Zamani sikuuliza. Nilikuwa naamini trekta ni nguvu tu, ukikanyaga mafuta kila kitu kitafuata. Kilichonibadilisha ni kisiki kimoja cha mkaratusi kule Kilolo. Mnyororo wangu ulikuwa mfupi, ukifungwa kwenye droba, kile chuma cha kuvutia kilicho chini kabisa nyuma ya trekta, haukufika vizuri. Nikaona isiwe taabu, nikaufunga kwenye toplinki, mkono wa juu unaoshika kichwa cha plau. Gia ya kwanza, nikaachia klachi, nikaongeza mafuta. Kisiki hakikutikisika. Kilichoinuka ni pua ya trekta. Boneti ilipanda mpaka ikaziba miti iliyokuwa mbele yangu, kisha nikawa natazama mawingu. Mguu wa kushoto ulikanyaga klachi kabla akili haijauambia, trekta likarudi chini kwa kishindo, usukani ukanigonga kifuani. Utingo wangu alikuwa amekaa kwenye nyasi, mikono kichwani, hasemi kitu. Tulizima injini tukarudi nyumbani.

Nataka uelewe kwa nini ilitokea, maana dereva anayejua sababu hasahau. Magurudumu ya nyuma yakigoma kuzunguka kwa sababu mzigo umekwama, nguvu ya injini haipotei. Inatafuta pa kwenda, na inachofanya ni kuuzungusha mwili wa trekta wenyewe kwenye ekseli ya nyuma, ule mhimili unaoshika magurudumu hayo. Ukiwa umefunga juu ya ekseli, mzigo nao unavuta upande huohuo, unasaidia kukubinua chali. Ukiwa umefunga chini ya ekseli, mzigo unapingana na hali hiyo, na mara nyingi matairi yatateleza tu kabla pua haijaenda popote. Halafu kuna suala la muda. Trekta linapoanza kubinuka linahitaji kama robo tatu ya sekunde tu kufika mahali ambapo klachi haiokoi tena. Mimi niliwahi. Dereva aliyechoka, au aliyekuwa anageuka kumsikiliza mtu, hawahi.

Kwa hiyo kwenye trekta langu mnyororo wa kung'olea visiki unafungwa kwenye droba tu. Si toplinki, si ekseli yenyewe, si mahali popote palipo juu yake. Mnyororo ukiwa mfupi, kazi inasubiri mnyororo mrefu. Na uanze kuvuta taratibu, ukaze mnyororo kwanza ndipo uongeze mafuta. Ile tabia ya kurudi nyuma kidogo kisha kushtua ndiyo inayokata pini na kubinua trekta.

Turudi kwenye visiki, kwa sababu hapo ndipo watu wanapopoteza dizeli bure. Paina ukiikata haichipui. Kama unapanda parachichi kwa nafasi ya mita 7 au zaidi, sioni haja ya kung'oa kila kisiki cha paina: kata chini kabisa, panda pembeni, kiache kioze chenyewe. Mkaratusi ni habari nyingine. Kata leo, baada ya miezi michache kina machipukizi kama kichaka, na yanakunywa maji ya miche yako. Hicho lazima kitoke, au uyakate machipukizi kila yanapoota mpaka kisiki kichoke. Muwati wenyewe hausumbui sana kwa kisiki, unasumbua kwa mbegu. Mbegu zake hukaa ardhini miaka mingi, na ukichoma moto shamba unaziamsha zote kwa pamoja. Nimeona shamba upande wa Njombe lililochomwa ili "lisafishike haraka", mvua za kwanza zikaotesha miwati midogo kama bustani ya mchicha. Matawi yapange kwenye mistari yaoze, usiwashe kiberiti.

Kisiki kinachopaswa kutoka, kazi kubwa inafanywa na jembe na shoka. Trekta linamalizia. Usikate mti chini, acha kisiki kirefu cha kama mita moja na nusu ili upate mkono wa kukipindulia. Chimbua kukizunguka, kata mizizi minene ya pembeni, hasa ya upande ulio mbali na trekta, kwa sababu ndiyo inayokishikilia. Ndipo ufunge mnyororo: kwenye kisiki juu, kwenye trekta chini, na uwe mrefu ili usiwe na mwinuko mkali. Udongo wetu mwekundu ukikauka mwezi wa Septemba unakuwa kama tofali. Mei na mwanzo wa Juni bado una unyevu, mizizi inaachia. Ukivuta mara mbili na kisiki hakijacheza, shuka ukachimbe tena. Hakuna mara ya tatu ya hasira.

Kuvuta magogo kunaonekana kazi nyepesi, lakini uzito wa mti mbichi unadanganya macho. Gogo la paina la mita 3 lenye kipenyo cha sentimita 30 lina kama kilo 200. Watu wanadhani gogo la urefu huohuo lenye kipenyo cha sentimita 60 ni mara mbili yake. Ni mara nne, kilo 800 na ushee. Mkaratusi mbichi ni mzito kuliko hapo. Pima kwa futi kamba kabla hujafunga.

Kinachokwamisha gogo njiani ni ncha ya mbele inayochimba udongo kama plau. Fundi wa kuchomelea pale Mafinga alinitengenezea chuma kinene kinachokaa kati ya mikono miwili ya chini ya haidroliki, ile inayoinulia plau, kina ndoano tatu. Nafunga ncha nene ya gogo kwa fundo linalojikaza, nainua kiasi cha shibiri moja tu juu ya ardhi, basi. Zaidi ya hapo unahamisha uzito kwenda nyuma na pia unapandisha mahali pa kuvutia, unarudi kwenye kosa langu la Kilolo. Gogo likinasa kwenye kisiki, simama, lishushe, lifungue, upite upande mwingine. Vyuma vya uzito vya mbele visitoke kwenye pua ya trekta siku ya magogo. Wenye kijiko cha mbele wanapenda kubeba magogo nacho, na ni sawa kama unakwenda nacho chini karibu na ardhi. Ukikiinua, gogo linaweza kubiringika kwenye mikono ya kijiko likakufikia ulipokaa.

Na kamba ya nailoni usiivutie kabisa. Inajivuta kama mpira, ikikatika inarudi kama fimbo. Waya ulioanza kuchanika nao hivyohivyo. Hata mnyororo mzima, asikae mtu kwenye mstari wake wala karibu nao.

Mashamba yetu mengi yapo kwenye miteremko, na hapo nina msimamo ambao baadhi ya wateja hawaupendi: mteremko mkali trekta haliingii. Kukatiza mteremko kwa pembeni na gogo nyuma ni kutafuta kupinduka, na kushuka nalo ni kulialika likusukume. Ukiweza, trekta likae juu ya barabara iliyo tambarare na winchi ivute gogo kutoka bondeni. Nimewahi kukodi winchi inayoendeshwa na shafti ya PTO, ile inayozunguka nyuma ya trekta kuendesha mashine, na kazi ya siku mbili tuliimaliza kabla ya saa nane mchana bila tairi kukanyaga mteremko. Bila winchi, vijana wakate magogo mafupi shambani, au dingdong, ile mashine ndogo ya kupasulia mbao inayohamishika, ipelekwe karibu na miti, zitoke mbao badala ya magogo. Mbao hubebwa kichwani.

Hiyo shafti ya PTO inazunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara tisa kwa sekunde. Baridi ya Juni na Julai huku kila mtu amevaa koti refu, skafu, mama amejifunga kitenge juu ya sweta. Ncha ya koti ikishikwa, huna muda hata wa kupiga kelele. Mwenye koti refu hakaribii nyuma ya trekta langu injini ikiwaka, na kifuniko cha shafti kikivunjika, shafti haizunguki mpaka kipatikane kingine.

Kupakia kwenye tela, wengi wanakusanya vijana kumi kuinua. Egemeza nguzo mbili imara kutoka ardhini hadi kwenye tela, weka kabari kwenye matairi ya tela, funga kamba mbili kwenye tela lenyewe, zipitishe chini ya gogo zirudi juu yake hadi upande wa pili, halafu wavutaji wasimame huko, ng'ambo ya tela. Gogo linabiringika lenyewe kupanda, na nguvu inayohitajika ni kama nusu. Chini ya gogo asisimame mtu.

Kabla ya yote, kama shamba linagusa mto, hesabu mita 60 kutoka ukingoni. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli zenye madhara ndani ya eneo hilo, na trekta likishavuruga udongo pale, mvua za Desemba zinaupeleka wote mtoni. Hati za kusafirishia mazao ya misitu pia zifuatilie mapema, gogo lisije likakaa barabarani likisubiri karatasi.

Jambo ambalo limenikalia zaidi moyoni ni watoto. Wanafuata trekta kuokota maganda na vijiti vya kuni, na wanapenda kupanda juu ya gogo linaloburutwa kana kwamba ni farasi. Siku za magogo utingo wangu hapandi kwenye madgadi. Anatembea pembeni, mbali na mnyororo, na kazi yake ni moja, kuwaangalia wao. Akiinua mkono, nakanyaga klachi bila kuuliza. Shule zikifungwa Juni naanza mapema, ukungu ukishainuka tu, ili hadi wanamaliza kunywa uji magogo yote yawe yameshafika barabarani.