Uanachama wa Chama cha Wanataaluma Usioleta Wateja

Ndugu muulizaji, umesema kwamba umelipa ada ya chama cha wanataaluma, umegawa kadi nyingi za biashara, na mwaka umekwisha bila kuuza chochote. Kwa maoni yangu, kosa ni kudhani kwamba wanachama wenzako ndio wateja, ilhali thamani yao kubwa ni watu wanaofahamiana nao, ambao wewe huwezi kuwafikia peke yako.

Omba nafasi katika kamati, hasa ile ya kuandaa mikutano (kazi ambayo wengi huikwepa), kwa kuwa mtu aliyekuona ukitimiza ahadi ndogo, kama vile kuwasilisha orodha ya wageni kwa wakati, hatasita kulitaja jina lako mbele ya mteja wake. Kadi punguza. Baada ya kila kikao, chagua watu wawili tu, uwaandikie kesho yake ukirejelea jambo mlilozungumza, bila kuambatanisha orodha ya bei. Na mwenzako akikuletea mteja, mrudishie taarifa hata kama mauzo hayakufanyika, kwani akiachwa gizani hatakuletea mwingine.