Rodi zimeanikwa juani, mshono umepasuka kesho yake

SWALI: Shikamoo mhandisi. Nina karakana Tanga, natengeneza matela ya trekta. Juzi nilichomelea chaneli (chuma chenye umbo la U) kwenye ekseli kuukuu ya lori kwa rodi za 7018. Pakiti ilikuwa wazi tangu masika yaanze, kwa hiyo nilizianika juani mchana kutwa. Chaneli kwa chaneli zimeshika vizuri. Kwenye ekseli mshono ulikuwa safi jioni, asubuhi nikakuta ufa mwembamba kama unywele pembeni yake. Je, nirudi kwenye rodi za 6013?

JIBU: Marahaba, fundi. Kwa ekseli hiyo usirudi kwenye 6013, utazidisha tatizo. Kwa maelezo yako, aliyepasua mshono ni haidrojeni, na imetoka kwenye unyevu wa ganda la rodi.

Rodi huyeyuka yote. Waya wa katikati unakuwa sehemu ya mshono, na ganda linaungua kutoa gesi na slegi (gamba linalogandia juu ya mshono) za kukinga chuma kisikutane na hewa. Chochote kilichojificha kwenye ganda kinaingia kwenye arki, yaani ule moto wa umeme unaoyeyusha chuma. Ganda la 7018 lina chokaa na madini ya floraidi yaliyogandishwa kwa silikati, ambayo ndiyo gundi yake, kisha likaokwa kiwandani kwa moto mkali. Silikati hiyo inavuta unyevu, na hewa ya pwani wakati wa masika unaijua. Maji yakifika kwenye arki yanavunjika, haidrojeni inazama ndani ya chuma kilichoyeyuka.

Joto la jua halitoshi kukausha ganda hilo. Unyevu ulioshikamana na silikati unahitaji oveni: kwa kawaida nyuzi 300 hadi 350 za Selsiasi, saa moja hadi mbili, kisha rodi zikae kwenye nyuzi 120 au zaidi mpaka zitumike. Fuata maelekezo ya pakiti yako. Kabati lenye balbu linasaidia kutunza rodi kavu, haliponyi iliyokwisha kunyonya unyevu. Iliyoloa maji kabisa, au yenye ganda lililomeguka, itupe.

Kwa nini chaneli zimepona? Zile ni chuma laini chenye kaboni kidogo. Ekseli ya lori ina kaboni zaidi na ni nene, hivyo inanyonya joto upesi. Ukanda wa pembeni mwa mshono unapoa ghafla na kuwa mgumu, rahisi kuvunjika. Haidrojeni inasogea polepole mpaka kwenye ukanda huo, mshono unaonywea unavuta, chuma kinaachia. Mwendo huo unaweza kuchukua saa kadhaa, hata siku mbili. Ndiyo maana jioni hukuona kitu.

6013 ni rodi nzuri sana kwa mageti, madirisha na kazi nyembamba. Lakini ganda lake la rutaili (madini ya titani) hubaki na unyevu kwa maumbile yake, na haidrojeni inayoacha ni nyingi kuliko ya 7018 kavu. Kama huna oveni, tafuta pakiti ndogo za 7018 zilizofungwa bila hewa, zilizoandikwa H4R. H4 maana yake haidrojeni isizidi mililita 4 kwa gramu 100 za chuma cha mshono; R maana yake ganda linastahimili unyevu zaidi. Fungua moja kwa kazi moja, uimalize ndani ya saa chache.

Ufa uliopo usiufunike kwa mshono mwingine. Uchimbe kwa grainda mpaka uishe, uhakikishe kwa dawa ya rangi ya kukagulia nyufa. Ukiwa umeishia kwenye mshono, pasha ekseli moto nyuzi 200 hadi 250, chomelea kwa rodi kavu, kisha ifunike kwa mchanga mkavu ipoe taratibu. Kagua tena baada ya saa 48 kabla ya kupakia chochote.

Lakini kama kazi ingekuwa yangu, nisingechomelea ekseli hiyo kabisa. Ningeifunga kwa yu-bolti na sahani nene. Na ukikuta ufa umeingia ndani ya ekseli yenyewe, usiitie mzigo tena. Tela hilo litabeba watu barabarani hata ukiandika marufuku.